Wenzangu wote wamepata somo safarini, mimi nimepata uchovu

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanakwaya katika usharika mmoja wa KKKT hapa Dar es Salaam. Hivi karibuni nilikuwa kwenye timu ya uinjilisti iliyokwenda Matema, wilayani Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huduma yenyewe ilikwenda vizuri, sina neno. Kinachonikosesha usingizi ni ile siku ya kwenda.

Tuliondoka Mbezi saa kumi alfajiri kwa Koasta ya kukodi, dereva mmoja, tumebanana na spika, jenereta na viroba vya nguo za msaada mpaka kwenye korido. Hadi Mikumi ilikuwa raha tupu. Pambio zinapokezana, twiga wamesimama karibu na lami, kila mtu kaelekeza simu dirishani. Kufika Kitonga tukakuta semi-trela limelala kwenye kona, hakuna anayepanda wala anayeshuka. Tukakaa pale tangu mchana mpaka jua likaegemea milima. Joto la kule, Mama, huna pa kukimbilia. Maji yakaisha. Vijana wakawa wanapita na chupa za maji wanauza kwa bei wanayoitaka wao. Katibu na mtunza hazina wakatupiana maneno mbele ya watu juu ya hela ya chakula. Mtoto wa mwalimu wa kwaya akatapikia kiroba cha nguo. Dereva wetu, ambaye ni Mwislamu, alitandika kipande cha turubai nyuma ya gari akaswali, akarudi na dumu lake la maji lililobaki nusu, akawamiminia watoto kwanza. Sisi wengine tulikuwa tumenuna.

Hapo mwenyekiti wetu akasimama akasema, "Wapendwa, Mungu katuzuia hapa kwa makusudi. Kuna jambo huko mbele." Watu wakaitikia amina. Njia ilipofunguliwa tukapanda, na tulipoipita Ilula giza likiingia tukakuta kweli kuna ajali. Gari dogo limeingia uvunguni mwa lori. Ndani ya Koasta wimbo ukalipuka. "Mmeona? Ingekuwa sisi!" Mimi nilikuwa dirishani upande ule. Nilimwona mama mmoja amekaa chini kwenye changarawe, kiatu mguu mmoja, amefungua mkoba wake anatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga chini, anatafuta kitu ambacho hakimo. Sikuweza kuimba.

Makambako baridi ikatuchapa, Uyole hakuna aliyejua ni saa ngapi, na Matema tukaingia alfajiri ya pili. Akina mama wa usharika wa kule walikuwa hawajalala. Wali na samaki walishaupasha moto sijui mara ngapi, na watoto wao wamelala kwenye mikeka ukutani mwa kanisa.

Sasa Jumapili ijayo tunatoa taarifa ibadani, na kila mmoja anatakiwa kusoma ushuhuda wenye kichwa "Somo la imani nililolipata safarini", kisha watu wataombwa ahadi kwa ajili ya safari ya mwakani. Wenzangu wameandika mambo mazito, ndoto, sauti, maandiko waliyopewa pale Kitonga. Mimi niliandika kwamba nilichoka na nilisikitika. Mwenyekiti akanirudishia karatasi, akasema halina upako, na akanisaidia kuongeza sentensi: "Roho akaniambia, binti yangu, nimewakwamisha ili niwaokoe." Mama, hakuniambia. Je, imani yangu ina kasoro? Nisome tu kama ilivyoandikwa ili mambo yaishe, au siku hiyo nijifanye ninaumwa?

Mwanakwaya, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Amina.

Nianze na hiyo sentensi, maana ndiyo inayoungua. Usiisome. Ulipokuwa darasa la kipaimara ulikariri Katekisimo Ndogo, na bila shaka unaikumbuka amri ya pili, usilitaje bure jina la Bwana Mungu wako. Wengi tunadhani amri hiyo ni ya wanaoapa hovyo sokoni. Lakini katika maelezo yake Luther anataja pia kusema uongo na kudanganya kwa jina la Mungu. Mtu akisimama madhabahuni akasema Roho kamwambia neno, na Roho hakumwambia, hilo ni kosa hata kama neno lenyewe ni zuri na hata kama ahadi zitamiminika. Kwa hiyo kwenye swali lako la imani, nikuulize na mimi: aliyekataa kumtungia Mungu maneno ndiye mwenye imani pungufu?

Twende kwa yule mama wa kwenye changarawe.

Kumshukuru Mungu kwa kufika salama ni haki yenu na ni wajibu wenu. Sidhani kuna msafiri Mkristo nchini humu ambaye hajaombewa kwa Zaburi ya 121 kabla ya kupanda gari, na anayeomba ulinzi akaupata lazima aseme asante. Tatizo linaanza pale asante inapogeuka kuwa maelezo. Ukisema "Mungu alitukwamisha ili tusife sisi", umeshasema na habari za wale waliokuwa kwenye gari dogo, upende usipende. Umesema wao hakuwakwamisha. Umefika kwenye msiba wa mtu ukiwa na jibu ambalo wenye msiba hawalijui.

Yesu aliletewa habari za namna hii. Imo kwenye Luka 13. Watu walimweleza juu ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza tukio lingine, la watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia wale na kuwaacha wengine. Aliwageukia waliokuwa hai akawaambia watubu. Nami nimesoma fungu hilo mara nyingi nikitafuta mahali anapotoa sababu ya ajali, sijapaona.

Halafu kuna Warumi 12:15, "lieni pamoja nao waliao." Hakuna nyongeza inayosema isipokuwa mkiwa na haraka ya kufika kwenye huduma. Koasta nzima ilikuwa inaimba na wewe ulikuwa unamtazama mama anayepanga vitu vyake chini. Katika gari lile, kwa dakika zile, naona wewe ndiye uliyekuwa unalitii neno.

Mwenyekiti wenu simlaumu sana, na wewe usimchukie. Watu wamekaa juani, watoto wanalia, viongozi wake wawili wanagombana hadharani. Kiongozi ana lazima ya kusema kitu, na lile ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Lilisaidia kwa saa ile. Lakini maneno ya kutuliza watu Kitonga hayana budi kubaki Kitonga. Yakishaandikwa na kupelekwa mbele ya usharika mzima yanakuwa mafundisho, na hapo yanapimwa kwa kipimo kingine.

Basi ushuhuda wa safari unaandikwaje? Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Ni siku ndefu za misioni kuliko zako, Paulo akiwa mfungwa anapelekwa Rumi kwa merikebu. Tazama jinsi Luka anavyosimulia. Anataja bandari walizozipita. Anataja upepo kwa jina lake, Eurakilo. Anasema walitupa nanga nne za tezi wakawa wanaomba kuche. Anasema walikuwa watu mia mbili na sabini na sita, kawahesabu wote, askari na wafungwa na mabaharia. Anasema kwamba kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na mwishowe wakakata tamaa ya kuokoka. Sisi tungeifuta sentensi hiyo kwa kuogopa kuambiwa haina upako. Luka kaiacha, na ameandika kwa "sisi", yaani yumo humo ndani ya merikebu.

Mwenyekiti anaweza kukujibu kwamba hata Paulo alisema malaika alisimama karibu naye usiku ule. Ni kweli, alisema, kwa sababu malaika alikuja. Yule mwanakwaya mwenzako aliyeota ndoto, kama kweli aliota, aiseme na Mungu ambariki. Wewe hukuota. Katika merikebu ile mlikuwa na mtume aliyetembelewa na malaika, na mlikuwa na Luka aliyekuwa anaangalia nanga. Wote wawili walikuwa safarini kwa kazi moja.

Na kwa kuwa tuko kwenye sura hiyo, kuna jambo sitaliacha lipite, na ukiweza lifikishe kwenye kamati. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ongeza kushuka Tukuyu hadi Kyela, kisha Matema, mnakaribia 1,000. Gari la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye vijiji ni 50. Piga hesabu hata bila foleni ya Kitonga, bila mizani, bila chai ya Morogoro. Nyinyi mkaweka dereva mmoja. Huyo mtu aliamka kabla yenu, akashinda juani pamoja nanyi, akaendesha usiku kucha kwenye kona za Tukuyu huku nyinyi mmelala mmeegemeana. Kama kuna hatari iliyokuwa mbele yenu siku ile, mojawapo ilikuwa imeshika usukani, inapambana na usingizi.

Paulo alilisema hili. Kule Krete, majira yakiwa yamekwisha kupita, aliwaonya kwamba safari itakuwa na hasara. Akida, yule mkuu wa askari waliowalinda wafungwa, akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mambo yalipoharibika Paulo hakusema Mungu ametukwamisha, alisema waziwazi iliwapasa kunisikiliza na kutong'oa nanga. Baada ya hapo ndipo anawatia moyo. Mtume mwenyewe aliweka ratiba mbovu kwenye fungu la ratiba mbovu. Kwa hiyo mkiomba ahadi za mwakani, ombeni na hela ya dereva wa pili na ya kulala Iringa usiku mmoja. Waumini wataelewa haraka kuliko mnavyodhani. Wengi wao wamezika watu wa barabara hiyohiyo.

Dereva wenu ndiye aliyenifanya niisome barua yako mara ya pili. Umempa sentensi moja tu katikati ya malalamiko, tena sentensi nzuri kuliko zote: turubai, swala, dumu nusu, watoto kwanza. Nina hakika hayumo kwenye ushuhuda wa mtu yeyote Jumapili.

Hilo si jambo geni katika habari za misioni. Mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1848 kwenda Uchagani, na aliyemwongozea msafara alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima, ndio Kilimanjaro. Mwongozaji wake akakieleza kwa namna aliyokijua, kwamba ile ni baridi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaketi akasoma Zaburi ya 111. Hakuitafuta ili ilingane na mlima, ndipo alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku. Aliandika hayo yote kwenye shajara yake, kitu cheupe, maneno ya mwongozaji, na zaburi iliyokuwa zamu yake. Ulaya walikuwepo wasomi waliobisha kwa miaka kwamba karibu na ikweta hakuwezi kuwa na theluji. Lakini yeye alikuwa ameandika alichokiona, na Bwana Kheri yumo kwenye maandishi yale. Shajara hiyo ingekuwa na sauti kutoka mbinguni badala ya mlima, leo nani angeijali?

Kwa hiyo mtaje dereva. Sema ni Mwislamu, maana ndivyo alivyo, na usimgeuze kuwa mfano wa kitu. Aligawa maji. Yesu katika Mathayo 25 anayajua maji aliyopewa mwenye kiu bila mtoaji kujua anampa nani, ila hilo waache wasikilizaji walikumbuke wenyewe.

Kuhusu uchovu wako, hapo umeona aibu bure. Yohana 4:6 inasema Yesu, kwa sababu amechoka kwa safari yake, aliketi vivi hivi kisimani, yapata saa sita mchana. Naipenda sana hiyo "vivi hivi". Hakuketi kwa mpango. Alichoka kutembea, wanafunzi wameenda mjini kununua chakula, akakaa. Mazungumzo na yule mwanamke Msamaria yakaanzia kwenye kiu yake mwenyewe, "Nipe maji ninywe." Kama Bwana alichoka hadi ikaandikwa kwenye Injili, na wewe unaweza kusema ulichoka mbele ya wazee wa kanisa.

Umeuliza kama ujifanye mgonjwa. Hapana. Ukikimbia, karatasi yako itasomwa na mtu mwingine pamoja na ile sentensi. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya Jumapili, usingoje mlangoni mwa kanisa. Nenda peke yako, usiende na kundi. Mwambie hivi: "Baba, nashukuru kwa kunisaidia, ila sentensi hii sikuisikia, nikiisoma nitakuwa nimesema uongo kanisani. Naomba nisome yangu." Akisema itavunja moyo watu, mwambie ni dakika mbili tu. Akikataa kabisa, mwombe mchungaji aisome kwanza. Wachungaji wengi ninaowajua wamechoshwa na shuhuda za kutunga kuliko sisi tunaozisikiliza, kwa sababu wao ndio wanaokuja kuulizwa maswali baadaye na waliofiwa.

Nimeijaribu kidogo kwa kutumia barua yako mwenyewe, uirekebishe utakavyo:

"Tulikwama Kitonga mchana kutwa. Maji yaliisha, tukagombana, nasi ni wainjilisti. Dereva wetu aliwapa watoto maji aliyokuwa amebakiza kwa ajili yake. Baada ya Ilula tulipita kwenye ajali. Nilimwona mama amekaa chini kando ya barabara, jina lake silijui. Naomba tumwombee, yeye na waliokuwa naye. Tulifika Matema karibu kunakucha, tukawakuta akina mama wanatungoja na chakula cha moto. Nilichoka sana siku ile, na sijui kwa nini mambo yalikwenda vile. Nawashukuru akina mama wa Matema, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao."

Haina radi. Lakini ukiisoma polepole, pale kwenye "naomba tumwombee" nyamaza kidogo, umwachie mchungaji nafasi ya kuomba akitaka. Mwambie mapema ili asishtuke.

Jambo la mwisho halisubiri Jumapili. Wale akina mama walikaa na moto usiku kucha, na najua tulivyo: tukisharudi Dar tunatuma picha kwenye kundi letu na kuwasahau waliotupikia. Tafuta namba ya mwinjilisti wa kule, uwapigie leo jioni. Waulize pia zile nguo za kiroba kilichotapikiwa kama zilitakata.